Ua la Kivulini Lisilodai Maji ya Jerikeni



Akina mama wa vikundi vya Kitui na Makueni hutuuliza: je, tupande maua nyumbani na kanisani, na hali maji yenyewe tunayachimbua mchangani mtoni? Tunajibu: ndiyo, mradi tuchague ua linalopatana na kivuli chetu na mvua yetu.

Wengine wameona haidrenja huko Limuru, vichwa vikubwa vya buluu au waridi. Asili yake ni Japani. Hupenda kivuli, lakini majani yake ni mapana na udongo ukikauka hunyauka upesi. Huku kwetu litagombania maji na mtoto na mbuzi.

Tunalo letu. Mvua ikianza, chini ya miti huchomoza ua jekundu, la duara kama mpira. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kichwa kimoja chaweza kuwa na vijiua hata 200. Siri yake iko ardhini: lina kitunguu kinachoweka akiba. Kiangazi majani hufa, kitunguu hulala, wala hakihitaji kumwagiliwa.

Jinsi ya kupanda

1. Omba vitunguu kwa jirani mwenye navyo vingi. Tusiende kuvimaliza porini.
2. Vihamishe Agosti au Septemba, majani yakiwa yamekauka, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba.
3. Chagua kivuli chepesi, kama chini ya mukau, au pembeni mwa kivuli cha mwembe. Maji yasituame hapo, kitunguu kitaoza.
4. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Shingo ya kitunguu ichungulie juu ya udongo.
5. Usifagie majani makavu yote. Yaache yafunike udongo ili unyevu usipotee haraka.
6. Ua likiisha, acha majani yafe yenyewe. Ndiyo yanayotengeneza chakula cha mwaka ujao.

Kitunguu mama huzaa vitoto pembeni, hivyo mtagawana. Mbegu pia huota, ila ua lake husubiriwa miaka kadhaa.

Tahadhari! Kitunguu hiki kina sumu kwa watu na mifugo. Kinafanana na kitunguu cha jikoni, kwa hiyo kisiwekwe jikoni kamwe. Weka uzio, waambie watoto, na nawa mikono baada ya kukishika.

Ndugu zetu, wako wanaosema ati maua ni ya matajiri. Sivyo. Mungu ameyapanda hata kwenye nchi yetu kavu, bila bomba. Kazi yetu ni kuyatambua na kuyatunza.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ni miti gani yenye kivuli chepesi hapa kijijini?
- Ni maua gani ya porini ambayo wazee waliyajua na watoto wetu hawayajui?
- Siku ya mwethya, nani ataleta samadi, na nani ataweka uzio?