SOMO: KULINGANISHA VIPUNGUZA SAUTI VYA BUNDUKI YA HEWA

Watumishi na wananchi wanafahamishwa kuwa kipunguza sauti hutuliza hewa iliyobanwa inapotoka mdomoni mwa mtutu. Hivyo hufaa zaidi bunduki ya mtungi wa hewa. Katika ile ya springi, kelele nyingi hutoka ndani ya mitambo.

Anayelinganisha atumie bunduki moja, risasi za aina moja na umbali mmoja, kisha achukue wastani wa milio kadhaa. Mlio uliopungua kwa desibeli 10 husikika takriban nusu ya ule wa awali. Lakini risasi iendayo kasi kuliko sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa kishindo kisichozuilika.

Izingatiwe: mlio ukipungua, hatari ya risasi haipungui, apitaye karibu hukosa onyo.