Historia na Muziki kwa Mpigo Mmoja: Vidokezo kwa Anayeingia Chuo

Wapo watakaokuuliza kama ulikosa nafasi ya sheria. Waache. Historia na muziki vinasomeka pamoja, na kwetu Afrika Mashariki pana mali nyingi ya kusomea, kwa sababu mambo chungu nzima ya watu wa kawaida hayakuingia kwenye mafaili ya serikali. Yaliimbwa na kuchezwa. Sharti ni moja tu: kila somo lifanye kazi za mwenzake. Ukiyasoma kama mambo mawili yasiyojuana, utachoka mara mbili.

1. Soma mwongozo kabla ya kujaza fomu. Kuna vyuo vinavyotoa muziki kama shahada kamili, na vingine huuweka ndani ya sanaa au ualimu. Uliza idara zote mbili kama zitakupokea, na kama vipindi vyao havigongani. Mengine utayarekebisha njiani. Ratiba ndiyo ngumu kurekebisha.

2. Vidole havikeshi. Historia unaweza kuipiga msuli usiku wa kuamkia mtihani, ukiwa na desa la rafiki na chai ya rangi, ukapona. Ala haikubali. Nusu saa kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima, na inakuepusha na sapu (mtihani wa marudio) ya aibu kuliko zote: ile ya mbele ya wahadhiri, kinanda kikiwa kimenyamaza.

3. Ijue mashine kabla ya kumsikiliza mwimbaji. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Rekodi zile ni hazina, lakini upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba kama dakika tatu hivi. Taarabu ya barazani haikupimwa kwa dakika tatu. Basi ukiandika kwamba nyimbo za zama zile zilikuwa fupi, umeandika habari za santuri, si za Siti. Mwanafunzi wa historia peke yake hulipita jambo hili kwa kuwa macho yake yako kwenye maneno. Mwanafunzi wa muziki hulipita pia, kwa kuwa anahesabu mizani ya kile anachokisikia. Wewe ukiwa na masomo yote mawili huna kisingizio.

4. Usichukue mashairi ukaacha mlio. Terence Ranger, aliyefundisha historia chuoni Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima kuhusu ngoma ya beni. Beni ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, vyeo na sare. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, askari na wapagazi waliisambaza hadi Nyasaland. Sasa jaribu kuisoma beni kwa maneno yake tu. Utaambulia majigambo ya vikundi viwili hasimu: ya Marini kwa Arinoti, na ya Arinoti kwa Marini. Habari yenyewe iko kwenye zile tarumbeta: nani alizipata, alijifunzia wapi kuzipuliza, na kwa nini kijana wa mtaani alitaka aonekane kama afisa.

5. Fuatilia jina la bendi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuzwa kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo wengi wanaiita Msondo Ngoma. Hapo una historia ya vyama vya wafanyakazi Tanzania, na unaweza kuicheza.

6. Ukikutana na mwanamuziki mkongwe, uliza vyombo vilikuwa vya nani. Anza na shikamoo, kaa, kunywa kilichokaribishwa, halafu usikimbilie "wimbo huu una maana gani?" Swali hilo ameshalijibu mara nyingi na jibu lake limekauka. Swali la vyombo linaamsha mengi: bendi nyingi za dansi zilipiga vyombo vya mashirika, na mpigaji aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Uliza pia juu ya nyimbo zilizokataliwa. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, kwa hiyo kanda zilizobaki ni zile zilizopita kwenye chekecheo. Zilizokwama ziko vichwani mwa wazee. Na ukirekodi mazungumzo, mpelekee mzee nakala yake. Wapo watafiti waliochukua wakapotea, na sifa hiyo mbaya utaikuta mlangoni kabla hujabisha hodi.

7. Chagua ala inayohusiana na kipindi unachokitafiti. Anayetafiti taarabu ya Unguja ajaribu udi au kanuni, hata kwa kubabaisha. Piano ni nzuri kwa nadharia, lakini maqam (ngazi za sauti) za Kiarabu zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vyake, na hapo noti za kitabuni zinaanza kusema uongo.

8. Tasnifu iwe ndogo. "Muziki na Ukombozi wa Afrika" si mada, ni kongamano. Klabu moja, mji mmoja, miaka kumi: inatosha. Tafuta msimamizi kila idara mapema, wakutane wakubaliane utahukumiwa kwa kanuni za nani. Na kwenye marejeo, wimbo upewe heshima ya waraka: mwimbaji, bendi, kampuni, namba ya santuri au kanda, mwaka, na mahali ulipousikilizia.