Behewa la Mbao: Kamilisha Haya Kabla ya Kufunga Paa

Modeli ya behewa la mizigo iliyoundwa kwa mbao hupendeza kwa namna ambayo plastiki haiifikii, kwa kuwa mabehewa yenyewe yalikuwa ya mbao. Hata hivyo, wengi huharakia kupaka rangi, kisha behewa hupinda au huacha reli kila likifika kwenye kona. Dawa yake ni kumaliza kazi ya ndani na ya chini paa likiwa bado wazi.

Mfano wetu ni behewa la Marekani lenye paa, la futi 36, lililokuwa la kawaida kuelekea mwaka 1900. Katika skeli ya HO, yaani 1:87, urefu wake ni takriban sentimita 12.6.

Chagua mwaka kwanza

Mwaka ndio unaoamua vifaa. Sheria ya Marekani ya 1893 ilizitaka kampuni za reli zitumie breki za hewa na viunganishio vinavyojifunga vyenyewe, ili mfanyakazi asilazimike kuingia kati ya mabehewa. Kwa hiyo modeli ya 1905 isiyo na silinda ya breki chini yake ina kasoro. Tafuta picha ya behewa la kipindi ulichochagua na uiweke mezani muda wote wa kazi.

Ziba vinyweleo vya mbao

Seti nyingi hutumia mbao za linden, ambazo ni laini na zina nyuzi ndogo zinazofaa modeli. Adui yake ni unyevu: upande mmoja ukilowa na mwingine ukabaki mkavu, ubao hupinda. Paka vanishi ya kuzibia pande zote mbili, acha ikauke, kisha piga msasa laini wa namba 400 kwa kufuata nyuzi. Vaa barakoa na ufungue madirisha.

Unganisha kwa guni

Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu. Haishiki papo hapo, hivyo unapata nafasi ya kunyoosha pembe. Pima kila pembe kwa guni, kisha bana kwa vibanio vya nguo hadi ikauke kabisa. Chuma na mbao huunganishwa kwa gundi ya papo hapo au epoksi. Mahali pa skrubu, tangulia kutoboa kwa keekee ndogo ya mkono, la sivyo ubao utapasuka.

Ongeza uzito

Mbao ni nyepesi mno kutulia kwenye reli. Chama cha wapenzi wa reli za modeli cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinapendekeza kwa skeli ya HO gramu 28, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa letu la inchi 5 hivi linahitaji takriban gramu 100. Gundisha vipande vya chuma sakafuni, katikati au kwa ulinganifu juu ya mabogi (fremu zinazobeba magurudumu) yote mawili, kisha pima behewa zima.

Usisahau vyuma vya chini

Sakafu ya mbao ingelegea katikati kwa mzigo, ndiyo maana mafundi walipitisha vyuma virefu chini yake na kuvikaza kwa skrubu. Kwenye modeli, mshipi mwembamba wa kuvulia samaki hufaa sana. Uvute unyooke, lakini usiukaze hadi sakafu ikunjike.

Funga mabogi

Skrubu ya bogi moja ikaze mpaka bogi lizunguke kulia na kushoto tu, bila kuyumba. Ya pili ilegeze kidogo ili bogi liweze pia kuinama kando. Hivyo behewa hukaa juu ya nukta tatu, na magurudumu hufuata reli hata pasipo sawa.

Jaribu, kisha funga

Weka paa bila gundi. Sukuma behewa polepole kwenye kona kali zaidi uliyonayo, mbele na nyuma, kisha liunganishe katikati ya treni na ulijaribu tena. Likitoka relini, kagua mabogi, uzito na urefu wa viunganishio kutoka kwenye reli. Likipita safi, gundisha paa, kisha paka rangi nyekundu ya kahawia, iliyokuwa ya kawaida kwa mabehewa hayo, kwa tabaka nyembamba ili mistari ya mbao isifunikwe.