Kibali Kwanza, Fundi Baadaye

Hapa kwetu Kibuyuni mtu akiuza mwani akapata visenti, jambo la kwanza ni nyumba: makuti yatoke, mabati yaingie, ukuta wa udongo uwe wa mawe. Fundi huitwa, msingi ukachimbwa. Kibali je?

Tangu 2013 kazi ya kutoa kibali ni ya Serikali ya Kaunti ya Kwale. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yasema ujenzi usianze bila kibali. Ukianza hivi hivi na ukahukumiwa, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Hebu fikirieni, hayo ni magunia mangapi ya mwani!

Mwenye nyumba hupeleka ombi na ramani, ile mafundi huiita plani, na hulipa ada. Kwa maoni yangu shida kubwa si ramani, ni ardhi yenyewe. Wengi huku Pwani twakaa penye shamba la babu lisilo na hati, na ombi lataka kujua ardhi ni ya nani. Bora jambo hilo liulizwe nyumbani mapema, wazee wangali hai.

Lakini sheria haimbani mwananchi peke yake. Siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kimetolewa. Kwa hivyo weka nakala ya ombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo hayo. Zihesabu tangu siku ya uamuzi, si siku uliyopata habari dukani.