Mwalimu Mdogo Wangu, Watoe Watoto Wakamwone Kaa

Mdogo wangu, najua umechoka. Darasa limefurika, chati zimechanika, na mtihani huo unakuja. Mtu akikwambia fundisha kwa vitendo, unaona anakutwisha mzigo mwingine. Hauko peke yako. Walimu wengi wa pwani wanalia hawana vifaa, na bahari iko nyuma ya shule! Acha hizo, mpenzi. Maji yakitoka, wapeleke watoto mikokoni.

Wachutame, wanyamaze. Punde kaa wadogo watachungulia mashimoni. Dume utamjua kwa gando moja kubwa mno. Jike, yake yote mawili ni madogo. Mtazameni dume anavyokula: anachota tope kwa gando dogo, anachuja chakula mdomoni, anatema kidonge cha tope, mpaka mlango wa shimo unajaa vidonge. Akitokea jike, au dume mwenzake akimkaribia, anainua lile gando kubwa na kulipunga. Hapo somo la Kiswahili limejileta lenyewe: kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa methali.

Hesabu nazo zipo. Kaa ana jozi tano za miguu, magando yakiwemo. Je, kaa saba? Wakubwa wapige hesabu ya maji, maana kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku.

Lakini nisikusikie umemtia kaa kwenye ndoo ukamwacha juani mpaka kengele ya mwisho! Anapumua kwa matamvua, yakikauka, anakufa. Watoto nao watajifunza kwamba kiumbe akishatufaa hutupwa, na hilo halifutiki kwa chaki. Wala asing'olewe gando ati lichorwe. Huota tena akijivua gamba, sawa, ila huchukua muda, na dume asiye na gando lake atajilinda na nini?

Tena usiyalundike masomo yote siku moja, utawachosha wamchukie kaa wa watu. Leo watazame tu, kesho waandike.

Na kabla hamjatoka, waulize wavuvi maji yanarudi saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na hurudi kwa kasi. Wazazi waambiwe, watoto wavae viatu, mizizi ya mikoko inachoma. Na usiende na darasa zima peke yako, mdogo wangu. Mchukue mwalimu mwenzako.