Tone Linapoangukia Siko Linakotoka: Oili Inayovuja kwenye Land Rover Series III

Land Rover Series III zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini zake zimezeeka, gasketi zake za koki zimekauka, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye magari haya ni la oili inayodondoka chini. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia na kuyajibu nikiwa na injini ya petroli ya lita 2.25 akilini. Mwenye dizeli ya ukubwa huohuo atakuta mengi yanamhusu naye.

Swali: Fundi, kila asubuhi nakuta doa chini ya gari. Watu wananiambia Land Rover isipovuja ujue oili imekwisha. Ni kweli?

Utani huo ni mkongwe kama gari lenyewe, na wanaoupenda zaidi ni mafundi wasiotaka kulala chini ya gari. Injini hii inaweza kukaa kavu. Si kavu kama ya gari la mwaka huu, lakini kavu kiasi cha kuegesha uani kwa mkweo bila aibu.

Doa la upana wa kisahani cha chai baada ya usiku mzima si la kukukosesha usingizi. Sampu na filta vinabeba karibu lita 7, kwa hiyo matone machache hayaiui injini mradi unapima oili kila wiki. Usisubiri iwapo oili inaangukia bomba la ekzosi, maana hapo unacheza na moto. Usisubiri pia iwapo klachi imeanza kuteleza, au iwapo kijiti cha kupimia kinashuka hadi alama ya chini kati ya kipimo kimoja na kingine na moshi wa buluu huuoni.

Swali: Nitajuaje kwamba ni oili ya injini na si kitu kingine?

Tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku, uweke alama mahali magurudumu ya mbele yalipo, ili asubuhi ujue kila doa liko chini ya nini. Kisha chovya kidole unuse. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia na harufu yake ni ya kuungua. Oili ya giaboksi, EP90, ni nzito na inanuka kiberiti. Ukishainusa mara moja hutaisahau. Mafuta ya breki na klachi ni mepesi, na yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Land Rover ina giaboksi, ina transfa, ina difu mbele na nyuma, na vyote hivyo vinaweza kudondosha. Nimeona watu wakinunua gasketi za injini kwa sababu ya tone la transfa.

Swali: Fundi wangu ameshabadilisha gasketi ya sampu mara mbili na bado inavuja. Tatizo ni gasketi feki?

Feki zipo, Gerezani kwa Dar es Salaam na hata Kirinyaga Road kwa Nairobi, lakini sidhani kama ndilo tatizo lako. Sampu iko chini kuliko vyote, kwa hiyo oili yote, itoke popote, lazima ipite kwake kabla ya kuanguka. Ndiyo maana inasingiziwa. Juu ya hapo kuna feni inayopuliza kurudi nyuma, na gari likitembea upepo wa barabarani unaongeza. Tone lililotoka sili ya mbele ya krenki linaweza kusafiri kwenye ukingo wa sampu hadi nyuma kabisa, na asubuhi ukalikuta chini ya giaboksi.

Kwa hiyo hatuanzi na spana, tunaanza na kuosha. Funika distribyuta, kabureta na altaneta kwa mfuko wa plastiki. Paka mafuta ya taa au dizeli kwa brashi kwenye injini iliyopoa, kuanzia kava ya juu hadi sampu, pamoja na mbele ya giaboksi. Iache ilainike, kisha osha kwa maji ya sabuni. Usielekeze pampu ya presha kwenye sili. Itasukuma tope ndani. Acha ikauke kabisa, hata kama itabidi ilale hivyo hadi kesho.

Baada ya hapo washa injini, iache ikiunguruma kwa dakika 15 huku gari limesimama, na angalia kwa tochi na kioo kidogo. Feni inapuliza, ndiyo, lakini upepo wa barabarani haupo, kwa hiyo njia ya oili ni fupi na inasomeka. Usipoona kitu, zima, iache ipoe kidogo, kisha nyunyiza poda ya watoto au chokaa laini kwenye maungio yote: chini ya kava ya roka, kwenye kava za ubavuni, kuzunguka filta, kwenye ukingo wa sampu. Endesha kilomita 10 au 15 na rudi uangalie. Poda iliyolowa inaonyesha mchirizi. Fuata mchirizi kwenda juu na kwenda mbele mpaka ufike mahali ambapo juu yake pamekauka. Hapo ndipo.

Zipo pia dawa za rangi zinazotiwa kwenye oili na kumulikwa kwa taa ya zambarau. Zinafanya kazi vizuri sana, hasa kwa mvujo mdogo uliojificha nyuma ya injini. Lakini kwenye injini ambayo haikuoshwa utaona gari zima linang'aa, na hutajua lolote.

Swali: Nikishapapata, nifungue mara moja?

Hapana. Kagua kwanza briza, yaani kifuniko cha kupumulia kilichopo juu ya injini. Hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni huingia kwenye sampu na lazima ipate pa kutokea. Ndani ya kifuniko kile kuna nyavu za waya. Zikijaa masizi na vumbi, hewa inakosa njia na inaanza kusukuma oili kupitia sili ambazo hazina kosa lolote. Ukibadilisha sili huku briza imeziba, sili mpya nayo itavuja ndani ya mwezi, na lawama ataibeba muuza duka. Chovya briza kwenye petroli, ipulize, ichovye kidogo kwenye oili safi, irudishe. Hilo halina gharama, na injini kadhaa zilizoletwa kwangu kwa sababu ya kuvuja ziliondoka na hilo tu.

Kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikiwa inaunguruma. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikiwa moshi unatoka kwa kishindo na kusukuma kiganja chako, pima kompresheni kila silinda. Ringi zikiwa zimekwisha, hakuna gasketi itakayokaa kavu, na pesa unayotaka kununulia sili afadhali uiweke akiba ya ovaholi.

Swali: Kwangu imeonekana inatoka juu, kwenye kava ya roka, na ubavuni. Nafanyaje?

Umebahatika. Kava ya roka inashikwa na nati tatu tu, na chini ya kila nati kuna washa ya kuziba ambayo wengi husahau kuibadilisha. Kava ya bati ikikazwa sana inapinda, kisha inavuja zaidi, kisha mtu anaikaza tena. Ivue, iweke kwenye kioo au meza iliyonyooka, uone kama inatikisika. Iliyopinda inyooshwe kwa nyundo ndogo ya mbao. Bandika gasketi ya koki kwenye kava kwa gundi ya gasketi, na upande wa silinda hedi uache mkavu. Kaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Usitumie nguvu ya bega.

Ubavuni kuna kava mbili zinazofunika tapeti, na ya nyuma ndiyo iliyobeba pampu ya petroli. Oili ikilowesha hapo, jua kuna gasketi mbili za kushuku: ya kava na ya pampu yenyewe.

Filta ina mtego wake. Mpira wa kuziba unakaa ndani ya mfereji, na ule wa zamani huganda pale juu kiasi kwamba haupapaswi kwa kidole. Mtu anaweka mpya juu ya uliochakaa, na gari linamwaga oili barabarani. Uchokonoe kwa kitu chenye ncha hadi uone chuma kitupu. Ukiwa hapo, angalia na swichi ya presha ya oili. Plastiki yake ikichoka, oili hupenya katikati na kuchuruzika kwenye waya. Ni spea ya bei ndogo inayochafua injini nzima.

Sasa silikoni. Silikoni ina mahali pake, kwenye kona na kwenye maungio ya vipande viwili, filamu nyembamba. Ninachokuta kwenye injini nyingi ni mkate wa silikoni uliobanwa nje, na kila kilichobanwa nje kuna kingine kama hicho ndani. Kinakatika, kinaanguka kwenye sampu, kinaziba chujio la pampu ya oili. Umeponya doa la sakafuni na kuiua beringi.

Swali: Oili inadondoka kwenye kitundu cha chini, injini inapoungana na giaboksi. Fundi anataka kushusha giaboksi leo hii. Nimruhusu?

Mwambie asubiri. Kwanza, kitundu hicho kiko pale kwa makusudi. Kina nyuzi za kufungia plagi, na plagi hiyo inafungwa wakati wa kuvuka maji ya kina tu, kisha inatolewa. Ikiachwa humo, oili inajikusanya na kulowesha klachi. Kwa hiyo tone unaloliona limekusaidia.

Pili, nusa. Ikinuka kiberiti, ni sili ya shafti ya giaboksi. Ikiwa ni oili ya injini, bado inaweza kuwa imetoka kona ya nyuma ya kava ya roka, ikashuka nyuma ya bloku. Osha, weka poda, na uhakikishe nyuma ya bloku ni kavu kote juu. Ikiwa juu ni kavu na kitundu bado kinadondosha oili nyeusi, basi ni sili ya nyuma ya krenki, na kazi ni kubwa kweli: giaboksi, klachi, flaiwili, kava ya flaiwili na sampu vyote vinatoka.

Sili ya asili ya injini hizi ina mkato, inafunguliwa na kuvishwa krenki, na vishikizi vyake ni nusu mbili. Msimamie fundi kwa heshima. Sili isitanuliwe zaidi ya inavyohitajika kupita, mkato wake ukae juu, na mahali inaposugua krenki pawe laini kama kioo. Pembeni mwa kepu ya beringi ya nyuma kuna vipande viwili vya mpira vyenye umbo la T. Hivyo ndivyo vinavyoharibiwa zaidi: ncha kali za bloku huvikata wakati kepu inasukumwa ndani, na fundi hajui mpaka gari limeshafungwa. Ncha zile zilainishwe kwa tupa kidogo, na mpira uachwe umechomoza chini ya milimita moja ili sampu iubane. Na kwa kuwa giaboksi iko chini, badilisha sili yake ya mbele siku hiyohiyo, na uikague klachi.

Swali: Dawa za kumimina za kuzuia kuvuja je?

Zinalainisha na kuvimbisha mpira mgumu. Sili ya mpira iliyokauka inaweza kutulia kwa muda. Koki, karatasi na bati lililopinda haziguswi na dawa. Kama una safari ya lazima na pesa ya kushusha giaboksi bado, itie. Usiihesabu kuwa ni matengenezo.

Swali: Nina Volkswagen Beetle. Haya yananihusu?

Kuosha na poda, ndiyo. Mahali pa kutazama ni tofauti, dada: injini yako imelala, kwa hiyo anza na mirija ya fito za roka iliyo chini ya silinda, yenye sili kila ncha, pamoja na kava za roka zilizo kando. Nawe usilegee kupima, maana injini yako inabeba lita 2.5 tu, tone linalovumilika kwa Land Rover kwako ni kubwa.

Swali: Nikishaziba, nitumie oili gani na nikague lini?

20W-50 ya madini ndiyo inayozifaa injini hizi kwenye joto letu. Nyepesi kama 5W-30 itapenya kila upenyo uliobaki. Usijaze kupita alama ya juu. Baada ya safari ya kwanza ndefu, injini ikishapoa, pitia nati za kava kwa spana fupi, bila kuzikaza zilizoshika. Nyunyiza poda tena mara moja, endesha, angalia. Oili chafu uliyotoa ipeleke gereji inayokusanya, usiimwage mtaroni.