ULIZA KWANZA, NDIPO UENDE
Somo kwa vijana na wazazi

Soma: Hesabu 13:17-33, Luka 14:28-30



Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alinijia jioni. Baada ya shikamoo akasema, "Mjomba, naomba nauli. Nakwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu." Nikamwuliza ni nani aliyemweleza habari za kazi hiyo. Akajibu, "Rafiki yangu amenunua pikipiki." Hakuwa amezungumza na mtu mwingine yeyote.

Sikumkemea. Miaka mingi darasani nilikuwa nikiwauliza wanafunzi, "Ukiwa mkubwa utafanya kazi gani?" Nao wakijibu, "Udaktari," "Urubani." Sikumfundisha hata mmoja kwenda kumwuliza daktari kazi yake ikoje. Kosa hilo ni langu.

Mfano wa Musa

Musa alipowatuma watu kumi na wawili kuipeleleza Kanaani, aliwapa maswali kwanza: nchi ni njema au mbaya, watu ni wachache au wengi, miji ina maboma au haina. Wote waliiona nchi ile ile, lakini wakarudi na habari mbili tofauti. Ndiyo sababu haitoshi kumwuliza mtu mmoja. Uliza watatu au wanne, na mmoja wao awe yule aliyeiacha kazi hiyo.

Namna ya kuuliza

Nenda wakati mtu hana shughuli nyingi. Msalimie, jitambulishe, mweleze kwamba hukuja kuomba kazi bali kujifunza, na umwombe nusu saa tu. Chukua daftari. Usimwulize mshahara wake. Hiyo ni siri yake. Uliza hivi:

1. Siku yako ya kazi huanzaje na huishaje?
2. Ulijifunza kazi hii wapi, kwa muda gani?
3. Anayeanza huishije mwaka wa kwanza?
4. Kazi hii hudhuru nini mwilini na nyumbani?
5. Kama ungeanza upya, ungefanya nini tofauti?
6. Nimwone nani mwingine?

Baada ya siku chache rudi ukamshukuru.

Yaliyopatikana

Nauli nilimpa, ila ya kwenda na kurudi, pamoja na daftari. Mchimbaji wa kwanza alimwambia kwamba kwenye duara lao hakuna mshahara wa mwezi. Mawe yakipatikana kila mtu hupata fungu lake. Yasipopatikana, umekula chakula tu. Alimkumbusha Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, ambako watu watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mama mmoja kwenye mwalo alimweleza habari za zebaki, ambayo moshi wake hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Wa tatu alikuwa fundi umeme aliyewahi kufanya kazi Buzwagi. Mgodi ule ulifungwa mwaka 2021. Akasema, "Mgodi ulibaki Kahama, ufundi nikaondoka nao."

Kijana alirudi na kurasa tisa. Hakuchagua nilichotaka mimi, maana nilitamani awe mwalimu. Ameomba nafasi ya kujifunza umeme VETA. Wala hakuwadharau wachimbaji. Anasema ndio waliomwambia kweli bila kumficha kitu.

Kwa wazazi

Tusiwazuie vijana kwa vitisho, wala tusiwasukume kwa tamaa ya pikipiki. Katika ibada zetu wamo wauguzi, mafundi cherehani, madereva, wakulima wa pamba na watu wa migodini. Tuwe tayari kuulizwa, na tujibu kweli, machungu pamoja na matamu. Kujenga mnara bila kuhesabu gharama, Bwana wetu alikwisha kutuonya.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, wale kumi walisema uongo, au waliona upande mmoja tu?
2. Ni nani katika mtaa wetu ambaye kijana wako angeweza kwenda kumwuliza juma hili?
3. Wewe ukiulizwa habari za kazi yako, ni jambo gani ungependa kulificha, na kwa nini?

Tuombe: Ee Bwana, wape vijana wetu ujasiri wa kuuliza, nasi wazee moyo wa kujibu kweli. Amina.